Mashine Iliyomfungia Mama Bafuni

Jumapili moja ya mwezi wa nne, Mama alichelewa ibada ya kwanza kwa sababu ya mashine ya kufulia. Nilikuwa nimeamka alfajiri kuweka mashuka ili niyawahi maji ya bomba kabla hayajapungua nguvu. Yeye akaingia kuoga kama saa kumi na mbili na nusu, mimi nikabaki sebuleni napiga pasi. Mashine inakaa kwenye korido ya nyuma, jirani na mlango wa bafu. Ilipofika kwenye kukamua ikaanza ngoma yake: gu, gu, gu, halafu gugugugu mfululizo, vikombe vya kabatini vikawa vinasalimiana. Sikunyanyuka, nilishaizoea. Baada ya muda ikatulia, nyumba ikawa kimya, ndipo nikasikia sauti ya Mama, ya chini, sauti ya mtu asiyetaka majirani wamsikie.

"Wewe mtoto, mbona umenifungia mlango?"

Sikuwa nimefunga chochote. Mashine ilikuwa imetoka ukutani, imetembea hatua moja na nusu na kwenda kujiegemeza kwenye mlango wa bafu, na mlango wetu unafungukia nje. Ni chuma cha kilo sitini na kitu, na tumboni kilikuwa na mashuka manne yaliyolowa. Nilisukuma nikashindwa, ikabidi nimwite kijana wa nyumba ya pili. Mama alitoka amejifunga khanga kifuani, ndoo mkononi, yule kijana akageuka kutazama ukuta kwa adabu. Mama aliitazama mashine kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Nilikwambia kitu hiki kina mashetani," alisema.

Nikamjibu kwamba ni beringi, vile vyuma ambavyo pipa linazungukia, si mashetani. Fundi ndiye aliyeniambia hivyo. Wote wawili tulikuwa tumekosea, tofauti ni kwamba Mama hakuwa amelipia kosa lake, na mimi langu nilikuwa nimelilipia elfu arobaini.

Mashine yenyewe niliinunua mpya mwaka 2019. Ni ya mlango wa mbele, inabeba kilo saba, inakamua kwa kasi ya mizunguko 1,200 kwa dakika. Wakati huo tulikaa Nyakato, kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji tupu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Kwa miaka yote ile ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake inapokamua, chai isimwagike. Februari mwaka huu tukahamia Bugarika, mlimani.

Aliyewahi kufika Mwanza hahitaji kuelezwa mlimani ni kupi. Mji huu umejengwa katikati ya mawe. Kuna watu ambao ukuta mmoja wa jiko lao ni jiwe lililokuwepo kabla ya babu wa babu yao, na kuna nyumba ambazo ukizitazama kutoka barabarani unajiuliza matofali yalipandaje. Yalipanda vichwani mwa watu. Mashine yangu nayo ilipanda mwilini mwa watu. Toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ilitufikisha mwisho wa barabara, imerukaruka kwenye mashimo njia nzima, halafu vijana wanne wakailaza ubavu na kuibeba kama jeneza kwenye njia ya miguu na ngazi za mawe. Nilitembea nyuma yao nikisema taratibu jamani, taratibu, na kila niliposema taratibu wao waliongeza mwendo, maana mzigo mzito mlimani hausubiri mawaidha.

Wiki ile ile ya kwanza ikaanza kutetemeka. Sasa kitu kilikuwa kizima Nyakato, kimekuwa kigonjwa Bugarika. Mtoto wa darasa la tatu angeuliza kilichobadilika ni nini. Mimi sikuuliza. Niliona mashine inatetemeka, nikasema mashine imeharibika, nikaanza kutafuta ugonjwa ndani yake.

Ngoja nieleze kidogo kilichomo, kwa sababu ningelijua hili mwezi wa pili nisingefika nalo mwezi wa nne. Ukifungua mlango wa mashine ya namna hii unaona pipa la chuma lenye matundu. Hilo linazunguka ndani ya pipa jingine linaloshika maji. Pipa la nje halikukazwa kwenye bodi. Linaning'inia kwa springi kutoka juu, na chini limeshikiliwa na shokapu, ndugu wadogo wa zile za pikipiki. Tena limefungiwa bonge la zege, au la chuma kwa mashine nyingine, ili liwe zito kiasi kwamba nguo zilizokaa vibaya zisiweze kulirusha ovyo. Niliposikia habari ya zege nilicheka. Kumbe nimewalipa vijana wanne wanipandishie jiwe Bugarika!

Kwa kuwa pipa linaning'inia, huwezi kuisafirisha mashine hivi hivi. Kiwandani huwa wanalikaza kwa bolti ndefu tatu au nne kutoka mgongoni, na mashine ikifika kwako bolti hizo lazima zitolewe kabla ya kuwasha. Ukiisahau hata moja, kukamua kwa kwanza utadhani nyumba inaanguka, kwa sababu pipa halichezi tena kwenye springi zake. Kila mtikisiko unakwenda moja kwa moja kwenye bodi na sakafuni. Jirani yangu wa Nyakato yalimkuta hayo, akairudisha mashine mpya dukani kwa hasira, na muuzaji akaitengeneza kwa spana ndani ya dakika tano, mbele ya wateja. Mimi zangu zilitolewa salama mwaka 2019. Nikazitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na sindano, nikazisahau. Siku ya kuhama zilipaswa kurudishwa mahali pake. Hazikurudi. Zilisafiri kwenye kopo lao, zimetulia, huku pipa likijigongagonga ndani ya bodi kwenye toyo.

Kwa bahati springi hazikuchomoka. Hilo nililijua baadaye.

Mama ndiye aliyenipa mfano mzuri wa kukamua kuliko wote niliowahi kusikia. Amekulia Kayenze, ufukweni, huko walikofulia juu ya mawe na kukamua mashuka watu wawili wawili, mmoja anasokota huku na mwingine kule, mpaka maji yaishe. Nilipomweleza kwamba mashine haisokoti, inazungusha tu kwa kasi mpaka maji yanatupwa nje kupitia matundu, alifikiri kidogo akasema, "Kumbe ni kombeo." Ni kombeo hasa. Utotoni alilinda mtama wasiule ndege, anajua jiwe la ukubwa wa yai linavyouvuta mkono likishashika kasi. Daudi naye alijua.

Nguo zilizotandazika sawasawa kwenye duara zinavutana pande zote, hesabu inakuwa sifuri. Tatizo ni ile nusu kilo iliyozidi upande mmoja. Nilipiga hesabu nikarudia mara mbili kwa kutoamini. Nusu kilo, ikikaa sentimita 24 kutoka katikati, ikizungushwa mara 1,200 kwa dakika, inavuta pipa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 190 hivi, na uelekeo wa mvuto huo unazunguka mara 20 kila sekunde. Kasi ikiwa nusu yake, mizunguko 600, mvuto unashuka hadi robo, chini ya kilo 50. Ndiyo maana mtu akikwambia "punguza kasi ya kukamua", hakuambii jambo la kubahatisha.

Mashine inalijua hili. Kabla ya kushika kasi inazungusha taratibu, inageuza, inazungusha tena, huku ikipima jinsi mota inavyolemewa na kuachiwa. Ikiona mzigo umeegemea upande mmoja inarudi kuchanganya upya. Ukiona saa yake imeganda kwenye dakika tisa kwa robo saa, ndicho inachofanya, na wakati mwingine inakata tamaa kabisa inakuachia nguo zinazochuruzika.

Kwetu sisi wanaoiudhi zaidi ni blanketi moja peke yake, na chandarua. Chandarua kikiwa kikavu hakina uzito wowote, kikilowa kinajikunja kama ugali na kukaa upande mmoja. Mfuko wa duveti nao ni nyangumi wa Yona: unaingiza nguo kumi na mbili, ukifungua mlango unakuta moja, kumi na moja zimo tumboni mwake. Funga vifungo vyake kabla ya kuuweka. Blanketi lipe wenzake, taulo mbili kubwa zinatosha. Khanga na vitenge vinasokotana na kuwa kamba, lakini ukivifungua katikati ya mzunguko na kuvirudisha kimoja kimoja vinakuwa na adabu.

Kitu cha kuogopa kweli ni nguo isiyopitisha maji: koti la mvua, shuka la plastiki la kukinga godoro, jaketi za wavuvi. Maji yanabaki yamefungiwa humo kama kwenye mfuko, pipa likishika kasi yanahamia upande mmoja kwa ghafla. Novemba 2016 huko Marekani Samsung ilitangaza kurudisha mashine za mfuniko wa juu zipatazo milioni 2.8, kwa kuwa mtikisiko wakati wa kukamua uliweza kuung'oa ule mfuniko, na wenye nazo wakaambiwa watumie kasi ndogo kwa matandiko, vitu vizito na visivyopitisha maji. Kwa hiyo koti la mvua la mwanangu linafuliwa kwa mkono na kutundikwa. Analalamika kwamba halikauki. Nimemwambia asubiri jua.

Ila mimi kosa langu halikuwa mzigo. Nilijaribu kila aina ya mzigo, ikawa inatetemeka tu.

Basi nikaanza tiba za kienyeji. Kwanza ndala. Nilikata ndala kuukuu nikaweka kipande chini ya kila mguu, nikijua raba inameza mtikisiko. Raba ngumu, nyembamba, yenye mistari inasaidia kweli mguu usiteleze. Ndala ni sponji. Mguu mmoja ulizama zaidi ya mwingine, mashine ikawa inayumba kama mtumbwi wenye abiria mmoja. Halafu jirani akashauri niweke jiwe juu yake. Mwanza mawe hayanunuliwi, tuliweka moja la kilo kama kumi na tano juu ya kitambaa. Mashine ikatembea nalo. Mwanangu akaona afadhali akae yeye, nikamshusha kwa kofi, na wewe usimruhusu wako. Wala usiikumbatie mashine kuizuia inapotembea, ingawa najua kila mtu mwenye mashine ya hivi amewahi kuikumbatia. Zima, subiri pipa lisimame.

Fundi wa kwanza alikuja mwezi wa tatu. Kijana mwepesi, mwenye maneno mazuri. Hakuuliza kitu. Aliigeuza, akafungua mgongo, akaangaza tochi, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye tamthilia. "Dada, hii ni beringi." Beringi laki moja na themanini pamoja na ufundi. Nikasema sina. Akasema basi kwa sasa atazipaka shokapu grisi, zimekauka, utaona mabadiliko. Elfu arobaini.

Mabadiliko niliyaona. Zamani mashine ilikuwa inatetemeka ikishashika kasi kubwa, mtetemo mwembamba, wa kukereketa meno, huku ikisogea kidogo kidogo. Baada ya grisi ikaongeza la pili: mwanzoni kabisa mwa kukamua, kabla haijachanganya, pipa lilikuwa linarushwa huku na huku na kugonga bodi. Gu, gu, gu. Hii ndiyo ngoma iliyoipeleka mashine hadi mlangoni kwa Mama.

Nilichojifunza baadaye kuhusu ile grisi bado kinaniuma. Shokapu za mashine ya kufulia hazifanani na za gari. Nyingi ni bomba na fimbo inayopita katikati ya sponji lenye grisi yake maalumu, nzito, na kazi yake yote ni kukwamakwama. Fimbo isugue, mtikisiko ufe kwenye msuguano. Ukitia grisi ya kawaida fimbo inateleza vizuri mno, na shokapu inayoteleza vizuri haina faida. Nililipa mtu aniharibie kitu kizima. Yeye, nadhani, aliamini kwa dhati kwamba ananisaidia, na hilo ndilo linalofanya nishindwe hata kumchukia sawasawa.

Baada ya ile Jumapili, mwenzangu wa kazini akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye kibanda pande za Mlango Mmoja, anayetengeneza friji na mashine. Alikuja Jumamosi, amepanda mlima polepole na mfuko wa nailoni mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamgeukia Mama aliyekuwa kwenye kigoda chake koridoni akichambua mchele. "Mwangaluka, mayu." Wakazama kwenye Kisukuma kwa robo saa. Ilipoisha walikuwa wameshagundua kwamba shangazi wa mmoja aliolewa kijiji kimoja na mjomba wa mwingine huko Magu, na mashine ilikuwa bado haijaguswa.

Mfukoni mwake hamkuwa na vingi: pima maji, tochi, bisibisi, na ile spana inayojirekebisha kwa kila nati, ambayo jina lake la gereji sikuweza kulitaja mbele ya Mama. Hakuifungua mashine. Aliuliza, "Inatikisika wakati gani?"

"Ikikamua."

"Kukamua kuna mwanzo na mwisho, binti yangu. Inatikisika inapoanza kupanda, au ikishafika juu?"

Nilikuwa nimeishi na kelele zile miezi miwili na sikuwahi kuzisikiliza kwa namna hiyo. Nikasema nadhani vyote viwili. Akasema nadhani haitoshi, tuiwashe. Kwanza tupu, bila nguo, ikamue. Kisha na taulo sita. Alisimama mkono mmoja juu ya mfuniko, macho amefumba, kama anayepima homa.

Maelezo yake nayaandika hapa kwa maneno yangu. Pipa linaloning'inia lina kasi yake moja ya chini ambayo likiipita linataka kujirusha, mfano wa bembea ukiisukuma kwa wakati wake. Kila kukamua lazima kuipite kasi hiyo njiani. Shokapu nzima zinalishika, unasikia mguno mfupi tu. Zilizokufa zinaliacha ligonge. Kwa hiyo fujo ya mwanzoni inayopungua mbele ni ya shokapu, au springi, au mzigo uliokaa vibaya. Mtetemo unaokuja baadaye, kasi ikiwa juu, na ambao upo hata pipa likiwa tupu, uanze kuutafuta nje: miguu na sakafu. Beringi zina lugha nyingine kabisa. Hizo zinavuma, kama ndege inayojiandaa kuruka, na ukizungusha pipa kwa mkono unasikia kusaga.

Akanionyesha kwa vitendo. Alizungusha pipa kwa kidole, likaenda kimya. Akashika ukingo wake akaujaribu juu na chini, haukucheza mbali na pipa la nje. "Beringi zako nzima." Kisha akalikandamiza pipa lote chini kwa kiganja na kuliachia. Lilipaswa kurudi juu na kutulia. Likadunda mara nne, kama kitanda cha springi cha nyumba ya wageni. Nikamweleza habari ya grisi. Hakumsema vibaya kijana wa watu, alivuta pumzi tu na kuuliza ilikuwa grisi ya rangi gani.

Shokapu mbili, elfu sitini. Alizibadilisha pale pale kwa kuilaza mashine chali, na kupitia juu akaziangalia springi, zote zilikuwa kwenye ndoano zake. Akaja kwenye miguu. Sakafu ya korido yetu imeinamishwa kuelekea tundu la maji lililo mbele ya mlango wa bafu, kama inavyotakiwa, ili ukimwaga maji yakimbilie huko. Mashine nayo ikitembea inakimbilia huko huko, kwa nini ipande mlima? Miguu ya mbele ilikuwa imefunguliwa kufidia mteremko, mmoja umetolewa mpaka karibu mwisho wa nyuzi zake, mwembamba na mrefu kama wa korongo. Na nati za kufungia, zile zinazopaswa kukazwa juu kabisa zibane bodi, zilikuwa zinaelea katikati. Kumbe kila kukamua kulikuwa kunaufungua mguu kidogo zaidi.

Akaweka pima maji juu ya mashine, kushoto kulia, kisha mbele nyuma, akarekebisha, akakaza. Akakandamiza kona mbili zinazotazamana, kisha mbili nyingine. Haikuyumba. Tukaiwasha na taulo zile zile. Mwanzo ikapita vizuri, mguno tu. Ilipofika juu, trrrrrr. Pungufu ya zamani, lakini upo.

Mzee alichuchumaa akaitazama kwa muda mrefu. Nilianza kumwonea huruma, na kuihurumia pochi yangu. Mama hakuacha kuchambua mchele. Alisema tu, bila kuinua kichwa, "Hapo chini panalia kama mtungi mtupu."

"Wapi, mayu?"

Akainuka, akaja na mwiko, akagonga marumaru ya kwanza karibu na ukuta: tok. Ya pili: tok. Akagonga ile iliyo chini ya mguu wa kulia mbele: pwo. Jirani yake nayo: pwo. Mwanamke aliyenunua vyungu maisha yake yote anajua kizima kinavyolia na chenye ufa kinavyolia. Tulikuwa tunaisikia mashine, yeye alikuwa anaisikia sakafu, tena kwa wiki kadhaa, ila hakuna aliyemuuliza. Mzee alivua kofia.

Fundi wa sakafu alipozing'oa marumaru nne tulikuta walichofanya waliojenga: donge la saruji kila kona, katikati hewa. Mtu akipita juu yake hutajua. Ukisimamisha mashine, mguu mmoja unakaa juu ya ngoma. Haijalishi pima maji inasema nini wakati imezimwa. Ikishika kasi, marumaru inabonyea na kurudi mara 20 kwa sekunde.

Mwenye nyumba alipoona tunapanga kimo cha kujaza zege akauliza kama tunamzika mtu koridoni. Nikamwonyesha lile pango, akanyamaza, akakubali tukate elfu ishirini na tano kwenye kodi. Tukajaza, tukainua kijukwaa cha zege cha sentimita nane, usawa wake ukapimwa kikiwa bado kibichi, uso ukaachwa na ukwaruzo ili miguu ing'ate. Miguu yote minne sasa imefupishwa karibu na mwisho, kwa sababu mguu mfupi hauyumbi. Tukaliacha zege likomae siku saba, tukilimwagilia maji kama mche, na siku hizo saba nilifua kwa mkono huku Mama akinisimamia na kunikosoa namna ninavyokamua mashuka.

Zile bolti za usafiri nimezitoa kwenye kopo la vifungo. Nimezifunga kwenye mfuko na kuubandika kwa gundi mgongoni mwa mashine, ili siku tukihama zisiwe na pa kujificha.

Sasa inakamua kwa 1,000. Nguo zinatoka na unyevu kidogo zaidi, lakini upepo wa ziwa unaopanda mlimani jioni unazimaliza. Kikombe cha chai kimerudi juu yake. Mama, hata hivyo, hajaiamini. Asubuhi akitaka kuoga anapita kwanza koridoni, anagonga kile kijukwaa kwa kisigino mara mbili na kusikiliza, kisha ananiita niliko: "Imebakiza dakika ngapi?" Nikimwambia saba, anavuta kigoda, anakaa na ndoo yake mapajani, anaitazama mpaka ilie kile kimlio chake cha kumaliza.